Trela nililolijenga mara mbili

Trela hili la kulalia safarini limejengwa mara mbili, nyuma ya nyumba yangu hapa Tengeru, chini ya mparachichi. Mara ya kwanza lilinichukua miezi saba, likapasuka siku ya kwanza ya safari. Mara ya pili lilinichukua miezi mitatu, na limeshatembea zaidi ya kilomita 3,000, nyingi zikiwa za vumbi na mawe. Watu wananipigia simu kuulizia vipimo. Vipimo nitavitoa, ila lazima kwanza nieleze lilipasukia wapi na kwa nini, maana ukichukua vipimo ukaacha hilo utaishia palepale nilipoishia mimi, kwenye korongo la Engaruka, mke na watoto wamekaa chini ya mgunga wanakutazama.

Kazi yangu ni kuendesha watalii, huu ni mwaka wa kumi na sita. Ziwa Natron nimefika mara nyingi mno, Serengeti naijua hata usiku. Watoto wangu watatu walikuwa hawajafika popote. Nikirudi safari binti yangu mkubwa ananiuliza, "Baba, leo umeona nini?" Namsimulia heroe walivyojaa ziwani, namsimulia Oldoinyo Lengai, mita 2,962, mlima unaotoa lava nyeusi ambayo baadaye hugeuka nyeupe kama chokaa. Ananisikiliza kama mtu anayesimuliwa habari za ng'ambo, na mlima wenyewe uko mkoa wetu huu huu wa Arusha. Hilo lilikuwa linaniuma kwa miaka.

Gari ninalo, Land Cruiser HZJ75 ya zamani, injini ya 1HZ, silinda sita. Lakini watu watano wakishaingia, ukaweka maji, mkaa, magodoro na chakula cha siku nne, hakuna pa kuweka hata mguu. Kambini nimekuwa nikiwakuta wageni kutoka Afrika Kusini wakivuta matrela yao ya kulalia, yenye jiko nyuma na hema juu, na nimekuwa nikiomba ruhusa nilale chini yake nichungulie. Hakuna aliyeninyima. Wengine waliniletea na tochi. Kuagiza trela kama lile, ukijumlisha usafiri na ushuru, ni bei ya kiwanja. Nikaamua kujenga.

Nilianza na ekseli, na hapo sikukosea tangu mwanzo. Nilinunua ekseli ya nyuma ya Land Cruiser kama yangu kwa muuza spea chakavu, shilingi 450,000. Ni ile ambayo uzito wa gari unabebwa na habu, yaani kitovu cha gurudumu, na beringi zake mbili, shafti ya ndani kazi yake ni kuzungusha tu. Kwa hiyo nilichomoa shafti zote mbili, nikatoa difu (gia za katikati ya ekseli), tundu la difu nikaliziba kwa bati la milimita 5 na gasketi, na kwenye habu nikafunga vifuniko vya duara vilivyokatwa kutoka bati la milimita 10. Ni nzito kuliko ekseli ya kutengenezwa kwa chuma cha mraba, hilo ni kweli. Lakini fikiria uko porini na beringi imekufa. Beringi ya trela ni ile ile ya gari, sili ni ile ile, tairi ni 7.50R16 kote, ringi zina matundu sita yale yale. Spea ninazobeba ni seti moja tu kwa magari mawili. Na kwa kuwa upana wa tairi hadi tairi unalingana, trela linapita kwenye alama za gari. Kwenye mchanga na kwenye udongo mweusi wa masika utaona faida yake: tairi za gari zimeshapasua njia, za trela zinafuata bila kuchimba njia nyingine.

Upana wa chesisi uliamuliwa na ekseli hiyo, springi zikae sawasawa chini ya paipu ndefu. Urefu nao uliamuliwa na duka, kwa sababu bati na marini bodi zinauzwa futi 8 kwa 4, na boksi la mita 2.44 halikupotezei hata kipande. Chuma nilichotumia ni skwea paipu ya inchi 4 kwa 2, unene milimita 4. Paipu moja ya mita 6 ina uzito wa kilo 53 hivi, kwa hiyo kila unapoongeza paipu "kwa usalama" jua umeongeza mtu mwingine wa kuvuta. Viungo vya kati ni paipu ya inchi 2 kwa 2, milimita 3. Kabla ya kuchomelea kabisa nilishika kila kiungo kwa nukta, nikapima kona hadi kona, nikagonga mpaka vipimo vya mshazari vikawa sawa, ndipo nikachomelea kidogo huku, kidogo kule, nikiruka upande hadi upande. Chuma kikipata joto upande mmoja kinavuta, na chesisi iliyovutika haiwezi kwenda moja kwa moja barabarani hata ufanyeje.

Yote hayo nilifanya vizuri. Kosa lilikuwa mbele.

Mkono wa kuvutia niliutengeneza kwa paipu mbili zilizokutana kama herufi V. Nilizikata, nikazigotanisha na paipu ya mbele ya chesisi, nikachomelea kuzunguka pande zote nne. Juu nikapaka mchomeleo mara tatu. Halafu, kwa kuwa niliona hapo ndipo penye kazi kubwa, nikaongeza bati la milimita 8 juu na chini ya kiungo, nikalichomelea nalo kuzunguka lote. Lilikuwa limenona kama nyama. Nililipiga nyundo ya kilo tano, halikutikisika. Nikapaka rangi nyeusi.

Juni ilipofika, shule zimefungwa, tukaondoka alfajiri. Makuyuni, Mto wa Mbu, halafu tukaacha lami tukashika njia ya Selela. Anayeijua njia ile anajua ilivyo: vituta vidogo vidogo vilivyopangana kama bati la msauzi, kilomita baada ya kilomita, katikati yake makorongo ya mawe ya volkano. Tuliimba mpaka Selela. Karibu na Engaruka, tunatoka kwenye korongo moja, nikahisi gari linavutwa nyuma kisha linasukumwa, kama mtu anayeshika mkia wa ng'ombe. Nikasimama. Mkono wa kushoto ulikuwa umepasuka robo tatu. Ufa ulikuwa umepita pembeni kabisa ya mchomeleo, mstari umenyooka kama umekatwa kwa grinda. Mchomeleo wenyewe ulikuwa mzima. Bati la milimita 8 lilikuwa zima. Chuma kilichokatika ni kile cha jirani yake.

Mke wangu akawapeleka watoto kwenye mgunga. Mimi nikatoa betri. Nitaeleza hili kwa sababu limewahi kuokoa wengi: betri mbili za N70, moja ya gari na moja ya trela, zote zimetolewa kabisa kwenye mifumo yake, ukiziunganisha mfululizo unapata volti 24. Kwa nyaya nene za kuamshia gari, fimbo ya kuchomelea ya milimita 2.5 na kioo cha welding, unaweza kushona chuma porini. Ziweke mbali na pale unapochomelea, maana betri inatoa gesi inayolipuka, na usizichoshe, choma fupi fupi upumzishe. Niliunga ule ufa, nikalaza vipande viwili vya anglaini (chuma cha pembe) pembeni, nikafunga na mnyororo juu yake. Ilitosha kurudi nyumbani kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa. Haikutosha kwenda mbele. Ngaresero, kijiji cha karibu na Ziwa Natron tulikokuwa tunakwenda, ilikuwa imebaki mwendo wa nusu siku tu, na Lengai tulikuwa tunauona wote.

Mwanangu wa mwisho hakulia. Alinyamaza tu, hakusema neno mpaka tulipofika Mto wa Mbu. Ningependa angelia.

Wiki iliyofuata nilivuta trela taratibu mpaka mtaa wa Unga Limited, Arusha mjini, kwa mzee mmoja ambaye kazi yake ni kurefusha Land Cruiser za safari. Arusha tuna mafundi wa hiyo kazi kuliko popote ninapopajua: gari linaingia fupi, linakatwa katikati, linatoka refu lenye viti saba na paa la kufunguka. Nimeendesha magari hayo maisha yangu yote na sikuwahi kukaa nikaangalia chesisi inavyoungwa. Naliona boksi, viti, rangi, basi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana wangu. Umeniletea mgonjwa?"

Alitandika kadibodi, akaingia chini, akakaa huko kimya muda mrefu. Alipotoka hakuongea habari ya trela. Aliokota kipande cha bainding waya, akakikunja na kukikunjua, akakikunja na kukikunjua, kikakatika. Akanipa vipande viwili nivishike pale palipokatika. Palikuwa na moto.

"Hii nayo ni chuma," akasema. "Nimeivuta? Nimeipiga nyundo? Nimeichosha tu. Sasa angalia ilipokatikia. Imekatikia mahali pamoja, kwa sababu ndipo nilipoishika. Wewe paipu yako umeishika shingo."

Nimefikiria maneno yale mara nyingi tangu siku hiyo. Kila kituta cha barabara kinaukunja mkono wa trela chini, kisha juu. Kilomita moja ya njia kama ile ina vituta zaidi ya elfu. Paipu ikiachwa ijikunje kwa urefu wake wote, kila sehemu inachukua kidogo. Ukiweka mahali pamoja bati nene lililokatika ghafla, na mchomeleo unaokata paipu kwa upana, unafanya mambo mawili mabaya kwa pamoja: unazuia paipu isijikunje pale, kwa hiyo mkunjo wote unahamia ukingoni mwa bati, na ukingo huo huo ndio umeupiga moto wa kuchomelea. Chuma changu hakikuwa chembamba. Uimarishaji wangu ndio uliokiua.

Mzee alinionyesha Land Cruiser iliyokuwa juu ya magogo, imekatwa. Chesisi hawaikati wima, wanaikata mshazari, ili mchomeleo usilale kwa upana mahali pamoja. Bati la kuimarishia linakaa ubavuni, na miisho yake imechongwa kama ulimi, inakwisha polepole. Juu na chini ya paipu, ambako ndiko kunakovutika na kubanwa zaidi, hawagusi kwa moto kama wanaweza kukwepa. Ubavuni katikati ndipo chuma kina utulivu. "Choma palipotulia," alisema. Hakunitoza hata senti. Nilimpelekea mkungu wa ndizi za nyumbani na kilo mbili za maparachichi.

Nikarudi nyumbani nikakata mbele yote.

Mkono wa sasa ni huu. Paipu mbili zile zile za inchi 4 kwa 2, milimita 4, lakini hazigotani na chesisi tena. Zinapita chini ya paipu ya mbele, zinaendelea nyuma mpaka kwenye kikalio cha mbele cha springi, na hapo ndipo zinapofika mwisho. Yaani nguvu ya kuvuta inatoka kwenye pete ya mbele inayoshika kwenye gari moja kwa moja mpaka kwenye springi, chesisi ya mbele inaegeshwa tu njiani. Kila zinapokutana na paipu nyingine nimechomelea kwa urefu, ubavuni, na nimeacha sentimita 2 mwishoni bila kuchoma. Mabati ya pembeni ni milimita 5 tu, yamechongwa ulimi. Kutoka ukingo wa boksi hadi kwenye pete ni mita 1.8, nimeongeza sentimita 30 kuliko mwanzo. Mkono mrefu unatulia barabarani, na ukirudi nyuma trela halikugeukii kwa ghafla. Fimbo nilizotumia kwenye mkono ni E7018, ambazo lazima ziwe kavu kabisa, nilizipasha kwenye oveni ya mke wangu kabla ya kazi. Sehemu nyingine nimetumia E6013. Na sikuchomelea jioni tena, kwa sababu jioni majirani wakiwasha majiko umeme unashuka, moto unakuwa baridi, mchomeleo unakaa juu ya chuma bila kuingia.

Mbele nimeweka pete na ndoano. Kichwa kile cha mpira wa milimita 50 ni kizuri kwa lami, lakini korongoni gari likiinama kulia na trela likiinama kushoto, kinafika mwisho wa kujigeuza. Pete yangu ina shina linalozunguka. Inagonga, ndiyo, ukiwa na madirisha wazi unaisikia. Chini yake minyororo miwili imepishana, ili mkono ukichomoka uangukie kwenye minyororo badala ya kuchimba ardhi.

Uzito sasa. Hapa ndipo nilipojifunza jambo la pili, na nadhani ni nusu ya sababu ya ule ufa. Trela la kwanza nilikuwa nimelipanga kwa macho: tanki la maji la lita 90 mbele ya boksi, tairi ya akiba mbele, mtungi wa gesi na madumu mawili juu ya mkono. Lilikaa vizuri, likapendeza. Sikupima. Baadaye nilipima, na huna haja ya mizani kubwa. Chukua mizani ya kupimia watu na ubao mnene. Mwisho mmoja wa ubao uegemeze kwenye tofali, mwisho mwingine kwenye mizani, pete ya trela ishushwe juu ya ubao kwa umbali wa sentimita 30 kutoka kwenye tofali na 60 kutoka kwenye mizani. Unachosoma zidisha kwa tatu. Nilipolipakia kama lilivyokuwa siku ile, mizani ilisoma 57. Kilo 171 zilikuwa zinaning'inia kwenye mkono uliokabwa shingo.

Nimehamisha tanki likae mbele kidogo tu ya ekseli, chini kabisa katikati ya paipu. Tairi ya akiba imekwenda nyuma. Madumu yako ubavuni juu ya tairi. Trela tupu lina kilo 640, likipakiwa kwa safari ya siku nne linafika kilo 980, nililipima kwenye mizani ya ghala la mahindi. Kwenye pete sasa nasoma 33, yaani kilo 99, sehemu moja ya kumi. Usishuke sana chini ya hapo, maana trela lenye mkia mzito linaanza kuyumba kwa mwendo, na likishaanza kuyumba kwenye mteremko huwezi kulituliza.

Springi ni za nyuma za Land Cruiser. Mwanzo niliziacha majani yote manane, nikijua nguvu ndiyo uzima. Trela la kilo 980 juu ya springi za gari la tani mbili na ushee halitembei, linaruka. Nimetoa majani matatu kila upande, nikafunga shokapu. Nati za yuboliti (boliti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) kaza tena baada ya kilomita 50 za kwanza, halafu 200, kwa sababu majani yanajipanga na yuboliti zinalegea zenyewe. Na kila nikisimama naweka kiganja kwenye habu. Joto la kushikika ni sawa. Ukiondoa mkono haraka, beringi imebanwa mno au grisi imekwisha. Upepo wa tairi za trela nauweka PSI 28 kwenye vituta wakati gari liko 35, kwa kuwa trela ni jepesi.

Breki ni zile zile za ngoma zilizokuja na ekseli. Gari likipunguza mwendo trela linasukuma, shina la pete linarudi nyuma na kubonyeza silinda ndogo ya breki. Lina kasoro moja: ukirudi nyuma kwenye mwinuko nalo linajifunga, kwa hiyo kuna kipini cha kulizuia, na lazima mtu ashuke akiweke. Kazi hiyo ni ya mwanangu wa kati. Trela lina usajili wake na taa zake kamili, hilo msilipuuze, trafiki hawatalipuuza.

Vumbi lilinitesa kuliko nilivyotarajia. Trela linaishi ndani ya wingu la gari, na nyuma ya boksi hewa inanyonya. Siku ile ya Engaruka tulifungua kreti ya chakula tukakuta unga wa ugali umegeuka rangi. Mpira wa mlango peke yake hautoshi, hata ukiweka mistari miwili. Kilichotibu ni tundu dogo juu kabisa mbele ya boksi, pana kama kiganja, lenye sponji ya chujio la hewa, likitazama mbele. Tukienda, upepo unaingia hapo na kulijaza boksi, hewa inataka kutoka badala ya kuingia. Vumbi linabaki nje.

Na vumbi la Natron si vumbi la kawaida, lina magadi. Ndiyo maana boksi nimelifanya la bati la chuma lililopakwa rangi vizuri, na aluminiamu nimeitumia mahali pachache tu. Magadi yanaila aluminiamu, hasa penye ribiti na unyevu, utaona unga mweupe unaota kama ukungu. Panapokutana aluminiamu na chuma nimeweka kipande cha mpira katikati.

Jiko liko nyuma: mlango unafunguka kuwa meza, mtungi wa kilo 6, droo tatu. Sola ya wati 200, betri, taa nne, friji hakuna. Hema la juu nilishonewa kwa turubai na fundi wa maturubai, linafunguka kwa upande, watoto wanalala juu, sisi chini kwenye kibaraza chake. Yote kwa yote, na kazi ya kwanza ikiwemo, nimetumia kama shilingi milioni 7.8, kwa miaka miwili, kidogo kidogo.

Jambo la mwisho nililofanya lilikuwa rangi. Chesisi yote ni nyeusi, isipokuwa mkono na viungo vyake vyote, hivyo nimevipaka nyeupe. Ufa kwenye rangi nyeusi hauonekani mpaka umeshafika robo tatu. Kwenye nyeupe, ufa wa unywele unajionyesha kwa mstari wa kutu siku hiyo hiyo.

Tulirudi barabarani mwezi wa saba mwaka uliofuata. Sikuimba, nilisikiliza. Selela nikasimama, nikaingia chini na tochi. Engaruka nikasimama tena kwenye lile korongo, nikaingia chini. Niliporudi kwenye usukani binti yangu mkubwa akasema, "Baba, tukisimama tena niache niangalie mimi." Nikamwonyesha pa kuangalia: ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia, mwisho wa ulimi, kikalio cha springi. Ana umri wa miaka kumi na tatu, anapita chini ya paipu kirahisi kuliko mimi.

Tulifika Ngaresero jua likiwa linakaribia kuzama. Siku ya pili tulitembea na mwenyeji mpaka kwenye zile nyayo za watu wa kale zilizobaki kwenye jivu la volkano, ziko zaidi ya 400, na mdogo aliweka mguu wake kando ya mmoja akanyamaza tena, kimya cha aina nyingine. Ziwani heroe walikuwa mbali, mstari wa waridi tu kwenye mng'ao wa joto, lakini sauti yao ilikuwa inafika. Mke wangu alipika wali na maharage kwenye lile jiko. Usiku upepo ulishuka kutoka ukingo wa Bonde la Ufa kama kawaida yake pale, turubai likapiga kelele mpaka saa tisa, na watoto hawakuamka hata mmoja.

Wakati wa kurudi tulisimama Engaruka mara ya mwisho. Binti yangu akachukua tochi akaingia chini ingawa ilikuwa mchana. Alikaa muda mrefu. Nilisikia anagonga kwa kidole.

"Nyeupe nzima yote, baba. Ila nati moja ya yuboliti, kulia, imelegea."

Nikampa spana ya 22 akaikaza mwenyewe. Nyumbani tuliingia saa nne usiku, na tukaliosha trela usiku huo huo, wote watano, kwa mpira wa maji na tochi, kwa kuwa magadi hayasubiri asubuhi.